Parachuti la Mke Mwenza

Mke mwenza wangu ni mrefu kupita mlango, ana kiuno chembamba, na mwili wote ni wa bati linalong'aa. Nimempa jina Bi Mrefu. Mume wangu humwita "mtambo" tu, lakini akilitamka neno hilo sauti inamlainika, na mimi si kiziwi.

Mume wangu ni fundi wa injini kwenye karakana ya roketi za kupimia hewa ya juu. Anatoka alfajiri, anarudi ananuka mafuta ya mwenzangu. Mezani chakula kinapoa huku akinisimulia ukoo wa bibi huyo: jinsi Wachina wa kale walivyojaza baruti kwenye mianzi wakaifunga kwenye mishale, jinsi mianzi ilivyobadilishwa kwa chuma ili watu wauane vizuri zaidi, na jinsi roketi ya kwanza iliyotumia mafuta badala ya baruti ilivyopanda kidogo ikaangukia shamba la kabichi.

"Miaka na miaka, mke wangu, zilikuwa zinakwenda hazirudi," husema, macho yamemlegea. Hapo tu ndipo historia yao hunipendeza.

Mimi ni fundi cherehani. Siku moja akaniletea furushi la nailoni.

"Tushonee parachuti," akasema. "Yale tuliyonunua yanafumuka hewani."

"Yaani nimshonee mke mwenza nguo?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

"Sikiliza, mama watoto. Huyu ndiye wa mwisho kwangu. Vipimo vilivyomo kichwani mwake vikirudi salama, nahamia ofisini, saa kumi jioni niko nyumbani. Vikivunjika, itabidi tuunde mwingine, tuanze upya."

"Na yeye mwenyewe?"

"Atapinda akigonga chini. Anakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu."

Nikamwambia alete hiyo nailoni.

Sikufichi, nilipoushika mkasi nilitamani kuacha mshono mmoja wazi, aje chini kama gunia la viazi. Lakini huyu akiharibika atakuja mwingine, pengine mrefu zaidi. Basi nikamshonea kwa moyo wangu wote, nimalizane naye. Kila mshono nikaupitisha mara mbili, kila kamba nikaijaribu kwa meno. Nailoni ikabaki. Mimi kitambaa cha mteja sikibakizi, ndivyo nilivyofunzwa kazi, kwa hiyo nikaongeza pindo pana kuzunguka duara lote. Sikumwuliza mtu. Pindo likipendeza, nani atalalamika?

Siku ya kurusha tulisimama mbali uwanjani. Moto ukawaka, ardhi ikatikisika, Bi Mrefu akapaa bila kuaga. Mume wangu alinishika mkono, lakini macho yalikuwa juu. Tangu anioe hajanitazama vile hata siku moja.

Kisha kazi yangu ikafunguka angani, pana, nyekundu, haina hata uzi uliochomoka. Watu wakapiga makofi. Bi Mrefu akashuka polepole, anajivuta kama bibi harusi, nami kwa ujinga wangu nikashangilia kuliko wote. Nilikuwa naiona hiyo saa kumi jioni, mume wangu mlangoni, chai bado ya moto.

Mume wangu akauachia mkono wangu, akakimbia. Nikamfuata, viatu mkononi. Nilimkuta amepiga magoti kwenye nyasi, anampapasa ubavuni, machozi yanamtoka.

"Vipimo vimepona?" nikauliza.

"Vizima! Lakini mtazame mwenyewe, mama watoto! Hajapinda popote. Hana hata mkwaruzo!"

"Si ulisema anakwenda kwa vyuma chakavu?"

"Huyu? Mkuu wa karakana amesema tumjaze mafuta tu, mwezi ujao anaruka tena. Na mwezi unaofuata. Parachuti lilikuwa pana kuliko tulivyopanga, ndiyo maana ametua taratibu hivi."

"Na ofisini?"

"Nani ataka ofisi sasa?" Akainuka, akanikumbatia kwa nguvu, bado ananuka mafuta. "Ni wewe uliyemrudisha, mke wangu. Ni wewe!"

Kisha akaniachia, akavua koti lake, akamfunika mwenzangu jua lisimuunguze.