Ndovu Walioshikana Mikia

Wachongaji wengine wa mawe kijijini Tabaka walichonga viboko na sahani. Machogu alichonga treni. Tangu aione moja stesheni ya Kisumu, alipomsindikiza shangazi yake, hakuwa na habari nyingine. Ukimwamkia, alikueleza jinsi mabehewa yanavyoshikana, huku akitazama vidole vyako. Watu walimzoea. Dada yake, Nyanchera, ndiye aliyepeleka kazi zake kwa Shariff, mwenye duka Kisii mjini.

Mwaka wa 1971 Shariff alichoka. "Dada Nyanchera, mzungu atoke kwao aje kununua treni? Niletee ndovu. Ukileta treni tena, nitanunua kwa mchongaji mwingine, Okemwa."

Nyanchera hakuwa na mnunuzi mwingine. Alimweleza ndugu yake taratibu.

"Ndovu," Machogu alisema.

"Ndovu tu. Bila magurudumu."

"Bila magurudumu," alikubali, akalowesha jiwe.

Walitoka ndovu wazuri. Nyanchera mwenyewe aliwasugua kwa msasa ndani ya maji, akawapaka nta, akamshukuru Mungu. Hakuuliza kwa nini kila mkia ulikuwa na pete, na kila mkonga umepinda kama ndoana.

Siku ya kuwapeleka, Machogu alifuatana naye, mikono masikioni kwa sababu ya kelele za mjini. Dukani aliwapanga ndovu juu ya kaunta, mkonga wa huyu kwenye mkia wa yule, mpaka kaunta ikajaa. Kisha akamvuta wa mbele polepole. Wote wakafuata.

Nyanchera alifumba macho. "Bwana Shariff, mimi nilimwambia..."

"Bila magurudumu," Machogu alimkumbusha.

Shariff aliinama kutazama. "Huyu wa katikati nitamuuza leo leo."

"Ukimtoa, wa nyuma watabaki njiani."

"Duka ni la nani, bwana?"

"Watabaki njiani."

Shariff alimtoa hata hivyo, akavuta. Wa mbele wakaenda. Wa nyuma wakabaki kando ya mizani. Akamrudisha yule ndovu, akawaunganisha mwenyewe, akavuta tena. Akaanza kucheka, akamwita mkewe, Batuli, aje ajaribu. Batuli alivuta mpaka mwisho wa kaunta, akawarudisha, akakataa kumpisha mumewe.

"Basi watauzwa pamoja," Shariff alisema. "Na Okemwa asubiri. Mwezi ujao, vifaru."

Machogu alishusha mikono kutoka masikioni. "Kifaru hana mkonga," alisema, uso ukimng'aa. "Itabidi washikane kwa pembe."