Santuri Tano za Kuanzia

Tatizo lilikuwa nyonga ya mama mkwe. Isingevunjika, Fundi angeendelea kustarehe na santuri zake za bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi wa kuimba shida, katika chumba cha nyuma, na mkewe angeendelea kupita nje ya mlango ule bila kuuliza kitu. Lakini ilivunjika, hospitali ikaiunga kwa chuma, na sasa mama mtu alikuwa anahamia kwa bintiye mpaka atakapoweza kutembea mwenyewe. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu. Kimoja cha wenyewe, kimoja cha mabinti wawili na vurugu zao, na cha tatu ndicho hicho, chenye masanduku ya santuri kutoka sakafuni hadi dirishani, pamoja na mashine nzito ya kuzipigia ambayo Fundi aliipata ikiwa imekufa akaifufua kwa mikono yake.

"Mama hawezi kulala juu ya masanduku," mkewe alisema. "Yatoke."

Mkewe alikuwa muuguzi katika wodi ya wazazi. Kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kutoa amri kwa sauti ya upole, na Fundi, ambaye kibandani kwake alibishana kutwa nzima na wateja wenye redio mbovu, hakuwahi kupata dawa ya sauti ile. Alibembeleza. Alinuna. Alisusa chai ya jioni, wala hakuna aliyegundua. Mwishowe mkewe akamwonea huruma: santuri tano zibaki, zikae sebuleni chini ya televisheni. Nyingine zote angekuja kuzichukua Chapchap Jumapili, siku ya kuletwa mama, azipeleke kwenye stoo yake.

Chapchap alikuwa kaka wa mke. Jina hilo alilipata kwa sababu alifanya kila kitu kabla watu hawajamaliza kumweleza. Stoo yake ilikuwa na paa linalovuja, jambo alilolijua kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Fundi aliwaza mvua moja tu juu ya masanduku yale, majalada yakivimba na kuota ukungu.

"Na hizo tano," mkewe akaongeza, "ziwe zile ambazo hata mimi naweza kuzisikiliza. Sikai na makelele sebuleni kwangu. Haya, nifundishe. Mimi ni mgeni wa hiyo bluzi yako. Nianzie wapi?"

Swali hilo Fundi alilisubiri tangu walipooana. Alisahau hata kwamba alikuwa amenuna. Akaona mwanga: mke akishaupenda muziki wenyewe, nani atajali habari ya tano? Yatabaki masanduku yote, yatapangwa hata jikoni ikibidi.

Ungekuwa wewe, ungemwekea wimbo mtamu mmoja ukanyamaza. Fundi hakuwa mtu wa namna hiyo. Yeye aliamini kitu huanzia kwenye mzizi, kwa hiyo Jumatatu, mkewe aliporudi kutoka kazini na kuvua viatu tu, alikalishwa mbele ya santuri ya kwanza: kipofu mmoja wa zamani sana na gitaa lake, wimbo uliorekodiwa kwa mashine duni hata sauti ilipita katikati ya mchakacho.

"Mbona kama mtu anakaanga samaki?" mkewe aliuliza.

"Hiyo ni historia hiyo. Sikiliza maneno. Mara ya kwanza anataja shida yake. Mara ya pili anairudia vilevile. Ya tatu ndiyo anaijibu. Umeshika?"

"Nimeshika."

Kipofu akaimba mstari wake. Akaurudia. Fundi akainua sindano.

"Umesikia alivyorudia? Si kwamba amekosa maneno. Anakupa nafasi shida ikuingie. Sasa angalia inavyokuja."

Akairudisha sindano mwanzo kabisa, maana kuiweka katikati ni kuikwaruza santuri. Kipofu akaimba tena mstari wake, akaurudia, na Fundi akakumbuka kitu kuhusu nyuzi za gitaa. Akainua sindano. Mkewe akapiga mwayo mrefu wa mtu aliyeshinda na watoto wachanga.

"Huyu baba atalalamika mpaka lini?" akauliza.

"Halalamiki!"

"Basi anafanya nini?"

Fundi akaeleza anafanya nini. Alipomaliza, mkewe alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi kidogo, na mabinti walikuwa wameegemea mlangoni wakicheka kwa kuzibana pua.

Siku iliyofuata akaleta mwanamama mwenye sauti nzito na mpiga piano wake. Huyu angalau hakuwa na mchakacho. Mkewe hata alianza kutikisa mguu, na Fundi alipouona ule mguu alifurahi kiasi kwamba alisimamisha wimbo ili amweleze kwa nini mguu wake unatikisika. Mguu ukatulia. Siku ya tatu akaja mpiga kinanda cha mdomo, ikawa yaleyale, na siku ya nne mkewe alimwambia, bila ukali, kwamba kesho yake ana zamu ndefu na angependa kula chakula chake kimyakimya.

"Lakini bado hujafika hata kwenye gitaa la umeme!"

"Baba watoto, mimi nimejaribu. Chagua tano unazotaka wewe. Nitavumilia."

Nitavumilia! Neno hilo lilimchoma kuliko kama angeambiwa hapana. Kesho yake kibandani alichoma waya usiohusika na kumjibu mteja jeuri. Alijiona amebeba mzigo wa dhahabu sokoni na watu wanampita kwenda kununua vitunguu. Kosa hakuliona kwake hata kidogo. Aliona mke hana sikio, mabinti hawana adabu, na nyonga ya mama mkwe ilichagua mwaka mbaya.

Jumamosi alijifungia kuchagua. Alitoa tano, akarudisha mbili, akatoa sita nyingine, akajikuta na tisa, akakaa sakafuni ameshika tama. Kuacha moja ilikuwa kama kumwambia mtu ashuke garini njiani. Magharibi ilipoingia alikuwa na tano zake: kipofu, mwanamama, yule wa kinanda cha mdomo, ndugu wawili wasiojulikana na mtu, na moja ya wafungwa wakiimba wakipasua mawe, ambayo hata yeye ilimchosha lakini aliona aibu kuiacha. Akazifunga kwenye gazeti, akaziweka juu ya sanduku la mlangoni.

Iliyobaki kwenye mashine hakuihesabu. Ilikuwa santuri isiyo na jalada, ya mpiga gitaa anayependwa na kila mtu, iliyorekodiwa ukumbini watu wakipiga makofi. Fundi aliitumia kupima spika za wateja: akiweka mwanzo wake, akisikia besi ipo na gitaa halikwaruzi, anaitoa. Wajuzi wenzake waliiita santuri ya watoto. Yeye mwenyewe ndiyo iliyomwingiza katika bluzi alipokuwa kijana, lakini hilo hakupenda kulitaja.

Jumapili asubuhi mteja mwenye amplifaya ya ukumbini akapiga simu akifoka: arusi mchana, amplifaya imekata sauti. Fundi akaondoka akimwambia mkewe, "Chapchap akija, mwambie zilizofungwa gazeti asiziguse." Mkewe alikuwa na pindo la shuka mdomoni na mito mikononi. Akaitikia kwa kichwa.

Aliporudi, chumba hakikuwa chake tena. Sakafu imepigwa deki. Kitanda kipo, mashuka yamenyooshwa, na juu yake mama mkwe amelazwa chali, mguu umewekewa mto, uso umekunjamana kwa maumivu ya safari. Mashine imesukumwa pembeni. Masanduku hakuna. Pale mlangoni, mahali pa gazeti, pana magongo mawili ya kutembelea.

Fundi akatoka hadi sebuleni, akampigia shemeji yake.

"Zile za gazeti ziko wapi?"

"Zipo salama, shemeji!" Chapchap alisema kwa furaha. "Nimeona umezifunga vizuri, nikajua hizo ndizo muhimu. Nimeziweka garini chini kabisa, masanduku yote yako juu yake, hazichezi."

"Hizo zilikuwa za kubaki!"

"Eh? Sikusikii, nipo barabarani." Simu ikakatika.

Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka. Alitaka kupiga kelele, lakini atapigaje kelele nyumba ina mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe ni mama mkwe? Na huyo hajamsalimia bado. Akarudi chumbani.

"Shikamoo, mama. Pole na safari."

"Marahaba, baba."

Hapo maneno yake yalikwisha. Tangu siku ya posa, mbele ya mama huyu Fundi alikuwa mtu wa shikamoo, ndiyo mama, na asante mama. Akabaki amesimama, mikono nyuma.

"Mbona umesimama kama umekuja kukata umeme?" mama mkwe akauliza. "Hicho kidude kinaimba au ni pambo?"

"Kinaimba, mama."

"Basi kiimbe. Humu nasikia mfupa wangu tu."

Fundi alitamani kumwambia kwamba cha maana chote kimebebwa, kilichobaki ni cha kupimia spika. Akasema, "Ndiyo, mama," akaweka sindano.

Makofi. Besi. Gitaa likaingia taratibu, halafu yule mpiga gitaa akaimba mstari wake. Mama mkwe akatazama dari. Mtu akaurudia ule mstari, kwa uchovu zaidi, na mkono wa Fundi ukanyanyuka wenyewe kwenda kwenye sindano.

"Sasa hapa, mama, anachofanya ni..."

"Mwache amalize."

Mkono ukaganda. Mstari wa tatu ukaja, sauti ikateremka polepole mpaka ikatua, na gitaa likatua nayo.

"Eeh," mama mkwe akasema, kama mtu anayesimuliwa shida na jirani.

Yule mtu akaendelea. Kila alipotua, mama mkwe aliitikia. "Eeh." "Ndiyo hivyo." Mara moja akaiuliza dari, "Na wewe ulimfanya nini?" Fundi alisimama na maneno yamemjaa mdomoni: ukumbi, mwaka, nyuzi, mpiga besi alivyougua siku ile. Hakuweza kutoa hata moja. Alijikaza mpaka jasho likamtoka mgongoni.

Mkewe akaja na sinia la dawa. Akasimama mlangoni, hakuingia. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine, ukaisha, glasi ya maji imetulia kwenye sinia, mpaka upande wote ukafika mwisho na sindano ikabaki inakwaruza kimya.

"Huu si ndio ule wa kupimia spika?" mkewe akauliza.

"Ndio."

"Miaka yote hii nausikia mwanzo wake. Nilidhani ndivyo ulivyo, mtu analia, anarudia kulia, basi." Aliweka sinia chini. "Kumbe anajibiwa."

Hakusema kwa kejeli, na ndiyo maana ilimwingia Fundi mpaka kwenye mfupa. Akamkumbuka kipofu, mwanamama, yule wa kinanda cha mdomo, na ule mguu uliotulia. Wote aliwakatiza palepale. Wiki nzima alimlaumu mke kwa kukosa sikio, kumbe yeye ndiye alikuwa amekaa mlangoni akiuzuia muziki usiingie. Aliona haya, akaangalia magongo.

Mkewe akachukua simu. "Kaka, uko wapi? ... Pancha?" Kwa mara ya kwanza maishani Chapchap alikuwa amechelewa. "Afadhali. Ukimaliza, rudi nayo... Ndiyo, yote. Tutajua pa kuyaweka."

"Uvunguni kwangu kuna nafasi," mama mkwe akasema.

Fundi akafungua mdomo. Alitaka kushukuru, na pia kueleza kwamba masanduku yakirudi waanze na yule mwanamama, upande wa pili, kwa sababu tatu. Mkewe akainua kidole.

"Neno moja tu, nampigia tena."

Fundi akafunga mdomo. Akaigeuza santuri, akaweka sindano, akakaa sakafuni, mkewe ukingoni mwa kitanda. Mtu yule akaimba shida yake, akairudia. Mstari wa tatu ulipotua, Fundi aligundua kwamba hata yeye alikuwa hajausikia siku nyingi sana.