Bandeji ya Goti la Kushoto

Misimu mitatu mfululizo Komeo alifunga bandeji kwenye goti la kushoto, na goti la kushoto halikuwa na tatizo lolote. Bovu lilikuwa la kulia. Lakini mlinzi wa mpira wa pete hatangazi ubovu wake; wafungaji wakiujua watakuandama upande huohuo mpaka utolewe kwa machela. Basi akawauzia mbuzi kwenye gunia. Wao waliiona bandeji wakakimbilia kushoto, na kushoto ndiko alikokuwa akiwasubiri. Mashabiki waliombandika jina la Komeo walidhani ni kipaji.

Siri hiyo waliijua watu wawili tu. Wa kwanza ni daktari wa mbali aliyempima kimyakimya, akamwambia kano ya goti la kulia ikikatika tena asiwaze mpira, awaze ngazi za nyumbani kwake atazipandaje. Wa pili ni mdogo wake, tumbo moja, aliyemsindikiza siku ile na kumshikia mkoba.

Na huyo mdogo mtu ndiye aliyekuwa akinyoosha misuli ng'ambo ya uwanja, kavaa jezi ya wapinzani. Walikuwa wamemsajili msimu huu kama mfungaji, na leo ndiyo leo, mechi ya kumpata bingwa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakutuambia ufanyeje kama unakipenda.

Komeo aliogopa. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo mikono ilimtetemeka hadi bandeji ikamponyoka mara mbili. Kocha wake alipouliza, akasingizia baridi, na joto lilikuwa la kuzitoa kuta jasho.

Robo ya kwanza mdogo wake akashambulia kushoto. Ya pili, kushoto tena. Komeo alinyakua pasi baada ya pasi, ukumbi ukampigia makofi, na makofi hayo yalimzidishia hofu kwa sababu alijua anaachiwa. Wakati wa mapumziko alimwona kocha wa wapinzani akimfokea mdogo wake na kumwonyesha benchi kwa kidole. Mtoto wa watu aliinamisha kichwa vilevile alivyokuwa akiinamisha mbele ya mama yao.

Zikabaki sekunde chache, mabao sawa, mpira kwa wapinzani. Mdogo wake alirudi nyuma mpaka kisogo chake kikakaribia kidevu cha Komeo, akasema bila kugeuka:

"Dada, sasa naenda kulia. Usiruke."

"Fanya kazi yako," Komeo akajibu.

Mpira ukaja juu, upande wa kulia. Aliuona mapema. Mipira ya namna ile alishainyakua mara zisizohesabika, na mwili ukajikunja wenyewe tayari kuruka. Hapo akaziona ngazi za nyumbani, moja baada ya nyingine, na roho ikamruka yeye badala ya miguu. Nyayo zikabaki sakafuni. Mdogo wake akaudaka, akageuka, akalenga. Komeo aliinua mikono tu. Mpira ukazama kwenye pete na kipenga kikalia.

Wapinzani wakakumbatiana. Mfungaji wao hakwenda kwao, alibaki palepale analia.

"Nilidhani utaruka," alisema. "Nilikuwa naogopa mno."

"Hata mimi."

Kocha wa Komeo alifika mbio, akainama kuligusa goti la kushoto, akitaka kujua limefanya nini mpaka mtu kama yeye ashindwe kuruka. Komeo akakaa chini. Alijua kwamba akiifungua bandeji ile mbele ya watu, miaka kumi na mmoja ya kazi itakwisha hapohapo. Akaifungua, akaiviringisha vizuri, akampa mdogo wake, kisha akanyoosha mguu wa kulia.

"Nifunge hapa," alisema.

Safari hii mikono iliyotetemeka ilikuwa ya mdogo wake.