Pole ya Kifo Changu

Jumanne, saa nne asubuhi, mwalimu mmoja alikuja kwenye meza yangu hapa sokoni Voi akanipa pole ya kifo changu, nami nikamfungia kabichi mbili.

Nilikuwa nikiinyunyizia maji sukuma wiki iliyoshuka kutoka Bura alfajiri. Alisimama upande wa kivuli, mkoba kifuani, na sauti yake ilikuwa ile ya chini ambayo watu huingia nayo kwenye nyumba yenye matanga.

"Samahani, mama. Wewe ndiye shangazi yake Shantel Wakesho?"

Nina mtoto mmoja, naye ni huyo Shantel. Mume wangu Geoffrey hana dada. Katika dunia hii yote hakuna mtu anayeweza kuwa shangazi wa mwanangu. Lakini nimeuza mboga miaka kumi na sita, na nimejifunza kwamba mtu akianza kusema jambo la ajabu, ukimkatiza atalimeza. Nikamwacha aseme.

"Ndiye mimi."

"Naitwa Mwalimu Jacinta. Mwaka huu nimehamia shule aliyosoma, na ndiye ninayemwandikia barua ya kumpendekeza kule Marekani." Akanishika mkono, ukiwa na maji vile vile. "Nimesoma insha yake. Pole sana. Nililia ofisini, nakwambia ukweli. Mama kujitoa mbele ya ndovu ili mtoto apone! Yule alikuwa mama."

"Alikuwa," nikasema.

"Na wewe ukamchukua, ukamlea. Mungu atakulipa."

Mutindi, jirani yangu wa meza ya ndizi, alifungua kinywa. Nikamkanyaga mguu. Mwalimu akanieleza kilichomleta: simu ya Shantel haikupatikana, na Jumamosi saa kumi jioni mtu wa chuo atazungumza naye kwa video, naye angependa kumsalimu mlezi walau dakika chache. Nikamwambia mlezi atakuwepo. Akachagua kabichi, akakataa kuondoka na chenji, akaenda zake akijifuta macho.

"Mama Shantel," Mutindi akasema, "kwani wewe umekufa lini?"

"Sijui. Ngoja niende nyumbani nikaulize."

Alicheka hadi akashika meza. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafunga kabichi ambazo hakuna aliyezinunua.

Sikuwa mtu wa kushtukizwa. Tangu mwanzo nilikuwa na shaka, ila shaka yangu niliielekeza mahali pasipofaa.

Shantel alipopata alama zake za kidato cha nne, zile ambazo hata kasisi alizitaja kanisani, alijitokeza kijana mmoja aitwaye Sylus. Ana chumba juu ya duka la pembejeo, karibu na stendi, na ukutani amebandika picha za watoto waliovaa makoti mazito mbele ya majengo ya mawe. Alitukaribisha kwa soda. Akaingiza alama za Shantel kwenye simu, pamoja na jina la chuo alichokuwa anakitaka, akangoja kidogo kama mganga anayengoja majibu, kisha akatugeuzia kioo.

"Asilimia nne," akasema. "Hiyo ndiyo nafasi yake leo, kama alivyo."

Nne kati ya mia. Mbegu ya namna hiyo nisingeipanda. Lakini nilimtazama binti yangu, nikaona anaiangalia ile nne kama mtu aliyeonyeshwa mlango.

"Huko alama kila mtu anazo," Sylus akaendelea. "Mtoto wa Nairobi anazo, wa Uchina anazo. Wanachotaka ni hadithi yako. Mmepitia nini? Kuna msiba wowote?"

Aliuliza msiba kama mtu anayeulizia bei ya nyanya. Nikamwambia tumepitia ya kawaida. Babake anafanya kazi mgodini Kishushe, anakuja mwisho wa mwezi barabara ikiwa nzuri. Sylus akaandika kitu, akakikata.

"Na wewe unapata nini hapa?" nikamuuliza.

"Akiingia, nitaweka picha yake pale, mama. Basi."

Mtu asiyetaka chochote hunitia baridi kuliko mwizi. Nikajua anamtaka mtoto wangu. Kuanzia siku hiyo nikawa askari. Shantel akitoka kwa Sylus nanusa nguo zake. Akitabasamu na simu, napita nyuma yake nikijifanya natafuta ufagio. Niliwahi kupanda ngazi zile bila kubisha, nikawakuta wameketi kila mmoja upande wake wa meza, mlango wazi, wanabishana juu ya sentensi. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Nilikuwa nimelinda mlango, na kitu chenyewe kilikuwa kinapita kwenye karatasi.

Siku nyingine Shantel alikuwa akipeta mchele, akaniuliza, "Mama, ile asubuhi ya ndovu kule Kajire, nilikuwa na miaka mingapi?"

Nilifurahi aliponiuliza. Nikamwambia tisa. Nikamsimulia upya, maana hadithi hiyo naipenda. Tulilala shambani kulinda mahindi. Kulipopambazuka nikasikia ua unavunjika, nikatoka, nikamkuta dume amesimama kati yangu na kibanda alimolala yeye. Nilikuwa na beseni la bati na mwiko. Nikalipiga, nikamtukana kwa lugha zote ninazozijua, nikarudi kinyumenyume kuelekea korongoni ili anifuate mimi aache kibanda. Alinifuata. Aliikanyaga leso yangu, ikapasuka, nusu ikabaki chini ya mguu wake. Nilizunguka kwa njia ya mbali, na saa sita mchana nikafika kibandani nikamkuta Shantel ameketi mlangoni, hajalia, amekunja magoti.

"Halafu?" akaniuliza.

"Halafu nini? Nikakupikia uji."

Alipeta mchele muda mrefu baada ya hapo.

Na zipo fomu. Sylus alikuja nazo nyumbani, nyingi, akaniambia ni za kawaida, akawa ananionyesha pa kutia sahihi kwa kidole. Sasa nakikumbuka kidole kile. Kila mahali kililala juu ya neno moja, lile la kusema mimi ni nani kwake, mbele ya mstari wangu. Nilitia sahihi. Wazazi wenzangu mliosoma kama mimi, mwambieni mtu aondoe kidole.

Jumanne hiyo nilifunga meza mapema, nikapanda hadi kwetu Mwakingali kwa miguu. Shantel alikuwa ameenda kuteka maji. Bahasha yenye insha yake ilikuwa chini ya kitambaa cha meza. Kiingereza changu kiliishia darasa la nane, na hata hicho kilikuwa cha kusukumwa, lakini neno la kufa nalijua, na neno la mama nalijua. Niliyatafuta kwa kidole kama mtu anayechambua maharagwe. Yalikuwa pamoja, mstari wa tatu.

Nilisoma yote. Ilinichukua muda. Beseni lilikuwepo. Mwiko ulikuwepo. Leso ilikuwepo, na rangi yake, na kwamba nusu ilibaki chini ya mguu. Aliandika vizuri, Mungu wangu, aliandika nikasikia bati likilia. Ila saa sita mchana hakuna aliyerudi. Mtoto aliketi mlangoni hadi watu walipokuja na kipande cha leso.

Alipoingia na mtungi akaniona na karatasi, hakuuweka chini. Alisimama nao tu.

"Nani kakufundisha kuniua?"

"Mama..."

"Ni yule Sylus?"

Akautua mtungi. "Niliandika ya kweli kwanza. Kurasa mbili. Akasema mtu akirudi nyumbani akapika uji, hapo hakuna mwisho. Akaingiza kwenye simu akaniambia bado ni asilimia nne." Akavuta pumzi. "Mama, wanaomba maelfu. Wote wana mama. Akaniuliza, sasa wewe una nini ambacho wao hawana?"

"Ungemwambia una mama aliyemkimbiza ndovu."

"Nilimwambia. Akasema mama aliye hai haongezi kitu."

"Na ikawa ngapi, baada ya kunizika?"

Akaukalisha mtungi vizuri.

"Ngapi?"

"Kumi na tisa."

Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele. Nilikuwa nayo maneno, nilikuwa nimeyapanga njia nzima kutoka sokoni. Lakini akasema, akiangalia maji na si mimi: "Na baba je? Si wewe uliandika kwenye fomu ya basari kwamba alitutoroka?"

Hilo sikulitarajia.

Wakati ule Shantel alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Foleni ya basari, ule msaada wa karo, ilikuwa imezunguka jengo, na mwanamke aliyekuwa mbele yangu akaninong'oneza kwamba wenye waume wanawekwa chini ya rundo. Geoffrey alikuwa Kishushe, shimoni, vumbi puani, kwa ajili ya karo hiyo hiyo. Nikaandika kwa mkono wangu: baba ametoroka, hajulikani alipo. Shantel alisimama kando yangu, amevaa sweta mpya. Nilimwambia, ukiulizwa, inamisha kichwa. Akainamisha. Akafanya vizuri kiasi kwamba karani alimpa biskuti.

Tulipata basari. Geoffrey alipokuja mwisho wa mwezi, alifurahi, na hatukumwambia tuliipataje.

Kwa hiyo nilikuwa nikinusa nguo na kupekua simu, namtafuta mtu aliyemharibu binti yangu. Niliketi kitandani. Karatasi ilikuwa mkononi, nami nilikuwa nimekufa juu yake kwa Kiingereza kizuri.

"Jumamosi wanataka kumwona mlezi," nikasema baadaye.

Akainua macho. "Ni dakika tano tu, mama. Useme wewe ni shangazi. Ukisema vingine, wataona nimedanganya, na chuo hicho sitakiona tena. Hata kingine labda."

"Nitakuja. Lakini mimi sitasema mimi ni nani. Utasema wewe."

"Mama, usinifanyie hivyo."

"Wewe ndiye mwandishi," nikamwambia. Sijui kama nilimtendea haki. Huenda nilikuwa nimemtupia mzigo ambao nilipaswa kuubeba mimi. Mpaka leo ninaligeuzageuza jambo hilo.

Jumamosi nilivaa gauni la kanisani, na begani nikaweka ile nusu ya leso. Huwa naifunikia unga. Shantel aliiona tulipotoka mlangoni, akatazama pembeni, tukashuka hadi stendi.

Sylus alikuwa ametandaza kitambaa nyuma ya kiti ili ukuta usionekane. "Shangazi, karibu, keti hapa," akasema, tena bila haya, kana kwamba jina hilo nilibatizwa nalo. "Tabasamu kidogo, lakini la huzuni."

"La huzuni linakuwaje? Nionyeshe."

Hakunionyesha. Akaketi kando ya kompyuta, mahali ambapo kamera haimfikii, karibu na waya.

Kwenye kioo akatokea mwanamke wa makamo, nywele fupi, kikombe mkononi. Alikuwa mpole. Walizungumza na Shantel kuhusu hesabu, kuhusu vitabu, kuhusu mvua ya kwetu, na mwanangu alijibu kama mtu aliyezaliwa kwenye kiti kile. Nilielewa robo, na robo hiyo ilitosha kunijaza kifua. Niliwaza, basi, liwe liwalo, mwache aniite chochote, mwache anizike mara ya pili, mradi apite.

Kisha yule mwanamke akanigeukia, akauliza kwa utaratibu hata mimi nikaelewa. Na huyu aliye pamoja nawe ni nani?

Sylus alitikisa kichwa juu chini, akimhimiza. Shantel hakumtazama. Wala mimi hakunitazama. Alitazama kile kisanduku kidogo pembeni mwa kioo ambamo tulionekana sisi wawili, bega kwa bega. Alikitazama kwa muda ambao ningeweza kufunga kabichi tatu.

"Ni mama yangu," akasema.

Yule mwanamke aliinamia karatasi zake. Akafunua moja, akafunua nyingine, akarudi kwenye ile ya kwanza.

"Hakufa," Shantel akasema. "Niliandika uongo. Alipiga beseni, akarudi. Alinipikia uji."

Mwanamke akainua uso. Kinywa chake kilifunguka, nyusi zikapanda, na hapo hapo akaganda. Picha ilikwama. Hakukuwa na sauti, hakukuwa na kitu, ila uso ule, ambao ungeweza kuwa unaanza kucheka au unaanza kumfukuza mtu. Tuliungoja. Mara kioo kikawa cheusi.

"Mtandao," Sylus akasema. Mkono wake ulikuwa chini ya meza. Sikuona ulikuwa unafanya nini huko.

Mwalimu Jacinta alipopata habari alikuja sokoni, hakuniamkia, akasema barua yake ameiandika upya na hatanionyesha. Chuo kilituma ujumbe mfupi kwamba wamepokea maombi yake, majibu ni Machi. Geoffrey alipokuja nilimwambia yote, hata ya basari. Alikula ugali wake akamaliza, akatoka nje akaketi juu ya jiwe, na kesho yake akarudi Kishushe siku moja kabla ya wakati.

Mutindi ananiambia nishukuru, mtoto amesema kweli mbele ya mzungu. Nashukuru. Lakini kuna kitu sijamuuliza Shantel, na sidhani nitamuuliza. Pale kwenye kile kisanduku kidogo, tukiwa tumekaribiana vile, hata mimi niliona. Pua moja. Mwanya mmoja wa meno. Paji lile lile la uso, mara mbili. Hakuna mtu mwenye macho ambaye angeniamini kuwa shangazi. Na binti yangu ni mwepesi wa hesabu, na kisanduku alikitazama kabla ya kusema kweli. Alama zake zinasema.

Machi bado. Kila ninapomwona mtu mwenye mkoba akija polepole kwenye meza yangu, naweka kisu chini, nafuta mikono, na nangoja kusikia ataniita nani.