Tangi Nje ya Geti

Asubuhi ya kwanza maji yalipokauka, Seline aliamka saa kumi na mbili, akatia kikombe mtungini achote maji ya uji, na kikombe kikagonga udongo. Alikuwa ameujaza mtungi jioni, na kifuniko kilikuwa mahali pake. Birika lilikuwa kavu. Beseni alimoloweka sufuria lilikuwa kavu, na ugali umegandamana na sufuria kama saruji. Chupa ya soda waliyomwekea mgeni ilikuwa na kizibo chake bado, na ndani haikuwa na kitu.

Mume wake, Zadock Oketch, alikuwa amelala mdomo wazi. Zadock alilala vizuri kila akishamaliza, na kumaliza kwake hakukuchukua muda mrefu kuliko kufunga kamba za viatu. Hakumwita mkewe kwa jina. Alizima koroboi, akapanda, akashuka, akageukia ukuta. Kwao kijijini, kabla ya kupanda mahindi, mume na mke lazima walale pamoja ndipo jembe litoke. Mila hiyo inataja siku. Namna haitaji, na Zadock hakuwa mtu wa kuongeza lisilotajwa.

Walikuwa wakipanga chumba Manyatta, katika ploti ya Mzee Abdulrahman, vyumba vinane vinavyotazamana na mfereji mmoja wa maji katikati. Ulikuwa mwaka wa themanini na nane. Binti yao, Adero, wa miaka mitatu, alilala chumba cha jirani kwa Mama Zeituni, mjane wa kuuza mandazi, pamoja na wajukuu zake.

Zadock alikuwa fundi wa nguo katika soko la Kibuye, na jina lake lilifika mpaka Milimani, kwa wenye nazo. Walimu wakuu walimletea yunifomu za shule nzima kwa sababu kaptura ya Zadock haikurudi na kuwa fupi ikifuliwa. Mafundi wengine walipokea kitambaa na kukikata hapo hapo. Zadock alikiloweka usiku kucha kwenye karai nyumbani kwake, akakianika kivulini, akakilaza mezani na kukinyoosha kwa viganja, kutoka katikati kwenda ukingoni, polepole, kisha akakiweka shavuni kusikia kama unyevu umebaki.

"Kitambaa usikikimbilie," aliwaambia wateja. "Ukikikimbilia kinakumbuka."

Seline alikuwa akimpelekea chakula cha mchana, akikaa kwenye benchi kungoja sahani. Siku moja alihesabu. Kabla ya mkasi kugusa kitambaa cha kaki, mikono ya mumewe ilipita juu yake mara arobaini na moja. Katika miaka minne ya ndoa, mikono hiyo ilikuwa imemshika yeye begani tu, ilipotaka ageuke.

Maji yalikauka tena siku ya tatu, halafu ya tano. Kufikia mwisho wa mwezi yalikuwa yakikauka ploti nzima. Unga wa mandazi wa Mama Zeituni ulipasuka kwenye beseni. Obiero wa chumba cha nne, aliyefanya kazi bandarini, alitoka na mswaki mdomoni, akafungua mfereji, ukatoa upepo. Mzee Abdulrahman alileta fundi wa bomba, akafukua uwanja wote. Fundi alisema maji yanafika mpaka kwenye geti, tena kwa nguvu. Baada ya geti hana la kusema.

Haikuchukua muda watu kuoanisha asubuhi hizo na usiku wa Zadock, maana kuta zilikuwa nyembamba. Wanawake walikutana kwenye mfereji mkavu na ndoo zao.

"Jana ilikuwa?" mmoja aliuliza.

"Ilikuwa," Seline alijibu, na wote wakaenda kuteka ploti ya pili.

Mama Zeituni ndiye aliyemkalisha Seline kwenye kigoda, akaendelea kukanda unga.

"Mama Adero, huyu bwana yako anakuja kwako namna gani?"

"Anakuja tu."

"Anakuja tu kama nani? Kama polisi?"

Seline alipangusa unga uliomrukia gotini.

"Sikiliza. Hata mtu wa kuuza sufuria anapiga hodi. Anangoja. Akisikia kimya anapiga tena. Haingii na sufuria zake mpaka jikoni. Mwambie akushike kwanza. Mgongo, shingo, mikono. Akuongeleshe. Mwili utamfungulia, na maji yatakaa."

"Na akikataa?"

"Basi tutateka kwa jirani mpaka tuzeeke."

Seline alingoja siku tisa. Alitafuta jioni ambayo Zadock ameshiba na hajagombana na mtu.

"Baba Adero," alisema. "Unishike kwanza. Kabla."

Zadock aliweka tonge chini. "Kabla ya nini?"

"Kabla."

"Nani amekufundisha hayo?"

"Ninaumia. Na maji yanakauka."

"Mwanamke wa heshima hajui kwamba kuna kabla," Zadock alisema. "Ng'ombe wa mahari niliopeleka kwenu Uyoma walitembea wenyewe. Hakuna aliyeomba apapaswe." Alinawa mikono kwa maji yaliyokuwepo, akazima koroboi. Asubuhi hayakuwepo.

Januari shule zilifunguliwa. Zadock alikuwa na kaki ya shule mbili kwenye karai chini ya kitanda, na kila ilipofika usiku wa manane ilikuwa kavu kabla haijamaliza kujivuta. Hakuona, kwa sababu aliamka na kukuta kitambaa kikavu, na kitambaa kikavu ndicho alichotaka. Alikinyoosha, akakikata, akakishona. Mwezi wa pili mwalimu mkuu alirudisha kaptura sitini. Wavulana walikuwa wamezifua mara moja, na sasa hazikufika magotini, wala hazikupita mapajani.

Zadock alizipanga kitandani akazitazama kwa muda mrefu. Hakuwa amewahi kutazama chochote kwenye kitanda hicho kwa muda mrefu namna hiyo.

"Hii ni wewe," alimwambia Seline. "Maji yakikauka mpaka Pasaka, utarudi Uyoma. Adero atabaki. Mtoto ni wa boma langu."

Seline alikunja zile kaptura. Usiku ule alikwenda kwa Mama Zeituni kumfunika Adero, na alikawia kurudi.

Jumapili Kibuye hufurika, kwa hiyo Zadock alipumzika Jumatatu. Jumatatu moja kabla ya Pasaka alikuwa akipona malaria. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mabati, na redioni kulikuwa na mpira. Alilala kitandani saa tisa mchana, Seline pembeni yake amegeukia ukuta. Mikono ya Zadock haikuzoea kukaa bure. Mtangazaji alipokuwa akitaja majina ya wachezaji, ilianza yenyewe kunyoosha mgongo wa Seline, kutoka katikati kwenda ukingoni, kama inavyonyoosha kaki. Zadock hakujua. Alikuwa akisikiliza kona. Mikono ilifanya kazi kipindi chote cha kwanza, ikapumzika kidogo wakati wa mapumziko, ikaendelea. Dakika ya sabini Seline aligeuka mwenyewe na kuzima redio. Zadock hakuuliza matokeo.

Saa kumi na moja mtungi ulianza kumwagika. Chupa ya soda ilikuwa imejaa na kizibo chake bado kimefungwa. Mfereji ulijifungua. Unga wa Mama Zeituni uliumuka ukavuka ukingo wa beseni na kukaa sakafuni. Kufikia magharibi maji yalikuwa ya vifundoni uwanja mzima, maji safi, na Obiero alikuta kambare mdogo ndani ya kiatu chake cha kazini. Wanawake walitoa blanketi wakafua. Walifua mapazia, magunia, hata mazulia ya msikitini ambayo Mzee Abdulrahman aliyaleta aliposikia.

"Ilikuwaje?" Mama Zeituni aliuliza.

"Alikuwa anasikiliza mpira," Seline alisema. Alikuwa ameketi mlangoni, miguu ndani ya maji, na Adero akipiga maji kwa mikono mapajani pake.

Asubuhi Zadock alitoka kuoga. Obiero alikuwa kwenye mfereji na wanaume wengine watatu.

"Omera, ndugu yangu," Obiero alisema. "Kumbe wewe ni wa kubembeleza."

"Ulipiga magoti?" mwingine aliuliza.

"Wachana naye, mikono imechoka," wa tatu alisema.

Habari ilimtangulia Kibuye. Mafundi wa mstari wake walimwita Fundi Polepole, na mmoja alimpapasa mgongo mbele ya wateja akimuuliza kama maji yameanza kuja. Zadock alicheka pamoja nao. Usiku ule alizima koroboi, akapanda, akashuka, na asubuhi uwanja ulikuwa na vumbi.

Jumamosi wanaume wa ploti walikutana barazani kwa Mzee Abdulrahman. Zadock ndiye aliyeleta wazo. Fundi wa bomba alisema maji yanafika mpaka kwenye geti. Basi tangi lijengwe nje ya geti. Wote walikubali haraka, na Obiero alisema hapo ndipo unaona faida ya watu kukaa na kufikiri.

Walichimba msingi wiki ya kwanza. Walibeba mawe kutoka Mamboleo kwa mikokoteni, wakachanganya saruji, wakaifunika magunia na kuimwagia maji asubuhi na jioni ili isipasuke. Walisema saruji inataka subira. Mama Zeituni alipita na beseni lake la mandazi kichwani.

"Wiki tatu za jasho," alisema, "kwa ajili ya robo saa."

"Mama, hayo si mambo ya kusema mbele za watu," Obiero alisema.

"Watu gani hawajui? Mnayajua kila asubuhi mkishika mswaki."

Walimnunulia mandazi yote ili aende.

Tangi lilikamilika Alhamisi Kuu. Zadock alihamisha karai lake Kibuye, akalala akijua kaki yake inalowana vizuri, chini ya macho ya mlinzi wa soko. Kaptura hazikurudi tena, na mwalimu mkuu akaja mwenyewe kuomba msamaha. Siku ya Pasaka, baada ya kanisa, Zadock alimwambia Seline kwamba amemsamehe. Anaweza kukaa.

Mwaka uliofuata ploti tatu za Manyatta zilijenga matangi nje ya geti, na nyumba mbili za Milimani, ndani ya miti, ambako maji hayajawahi kukatika. Hakuna aliyeuliza sababu.

Seline bado huamka saa kumi na mbili. Hufunua mtungi kwanza, akaingiza mkono mpaka chini, akapapasa udongo pande zote. Halafu huchukua ndoo, akatoka, na kwenye tangi huwakuta wenzake wameshapanga foleni.