Kalasi Yenye Constance Alipanga

Constance miye namushukuru mpaka leo, hata kama siku ile nilitaka kumupiga makofi.

Nilikuwa nafundisha batoto banamuke ba mwaka wa kwanza, kule cité, mutaa wa batu beusi, ya Élisabethville. Kunda, mutoto yangu wa kwanza, alikuwa angali ananyonya. Masera mukubwa, mutawa mwenye kuongoza masomo yetu, aliniambia wazi: "Angélique, nakupa récréation tu, wakati batoto banapumuzika, ya kwenda kumunyonyesha. Ukichelewa kurudia, utachagua: mutoto ao kazi. Mwezi ukiisha tutaonana." Na kazi ile njo ilikuwa inatulisha, juu bwana yangu alikuwa mugonjwa wa kifua.

Sasa hiyo récréation, mawee! Kengele inalia, miye ningali nakusanya bibao bya kuandikia. "Mwalimu, hii ni ya kwangu!" "Unadanganya, ni ya kwangu!" Maziwa inalowesha blouse, Kunda analia kule nyumbani, na miye nakata kesi ya bibao sawa juge.

Constance alikuwa anafundisha kalasi ya pembeni. Muntu wa Mitwaba. Kabila yake na ya kwangu ni batani, basi anitukane namna gani, siwezi kukasirika. "Weye," alikuwa ananiuliza kila siku, "unafundisha ao unauzisha samaki?"

Lundi moya, juma ikianza, naingia mu kalasi: mabenchi yote imegeuzwa! Kila mustari iko na sanduku yake. Nyuma ya kila kibao kumechorwa alama, jembe, chungu, kuku, juu batoto balikuwa habajajua kusoma majina yao. Hasira ikanipanda.

"Constance! Nani alikutuma kugusa kalasi yangu? Butani nayo iko na mwisho!"

Akacheka tu. "Ngojea kengele, kisha utanitukana muzuri."

Kumbe alikuwa amefundisha batoto asubui, miye ningali njiani. Kengele ikalia. Mutoto wa nyuma akatia kibao yake mu sanduku, akamupa wa mbele yake, naye akatia, akapitisha. Sanduku zote zikafika kwa meza yangu, hakuna kesi hata moya. Nikabaki kusimama sawa mujinga.

"Unaangalia nini? Kimbia!" Constance akapiga kelele mulangoni.

Nikakimbia. Kunda akanyonya ziwa moya, akanyonya na la pili, akashiba, akalala. Nililia kwa furaha, kweli. Na nikarudia batoto bangali inje.

Mwezi ukaisha. Masera akasimama mulangoni, akaangalia, akasema neno moya tu: "Utabaki."

Siku ya Mungu, kisha misa, nikamupelekea Constance kuku, Kunda mugongoni. "Aksanti, dada yangu. Kidole moya haivunji chawa." Nikangojea matusi ya butani, lakini hakucheka.

"Mutoto wa kwangu nilimupeleka Mitwaba kwa mama yangu, angali ananyonya," akasema, "juu ya kazi hii. Sasa nikifika kule, mutoto ananisalimia muzuri sana, namna banasalimia mugeni."

Akaweka kuku chini, akanyoosha mikono. "Leta Kunda nimubebe kidogo."

Nikamufungua mugongoni, nikamupa.