Iko Sawa

Mwenye shule ya udereva alijiita Injinia. Hakuna aliyejua aliusomea wapi uinjinia wake, na nilipomuuliza siku ya kwanza alinijibu kwamba barabara ndiyo chuo chake. Nikajua nimekutana na mtu wa aina gani. Watu wa namna hiyo nimewaona kwa miaka tisa kupitia kidirisha cha ofisi ya mizani, nikiwapimia malori yao na kusikiliza uongo wao. Mmoja anakuapia kwamba amepakia saruji peke yake, hizo nondo hajui zimepandaje. Mwingine anakupa daftari la safari lililojazwa wiki nzima kwa kalamu moja, mwandiko umenyooka kama wa mtu aliyekaa mezani, na yeye mwenyewe macho mekundu, hajalala tangu juzi. Nisifiche: madereva siwapendi.

Basi kwa nini nikaenda kujifunza udereva? Kwa sababu waliweka mizani inayojisomea yenyewe, wakatugawia barua za kuachishwa kazi watu sita kwa mpigo, na mimi na miaka yangu arobaini na miwili sikuwa na kitu ninachokijua zaidi ya malori. Uzito wa kila ekseli niko nao kichwani. Sheria za mzigo nazijua kuliko wanaoubeba. Nilichokuwa sijui ni kuliondoa lori lenyewe mahali liliposimama. Nikajiambia, kama watu hawa na akili zao hizi wanaweza, mimi nitashindwaje?

Nilikuwa nimehamia kwa mdogo wangu. Mume wake, shemeji yangu, ni dereva wa tela, na habari ile ilimpa kicheko cha wiki nzima.

"Shemeji, lori si kikokotoo," aliniambia asubuhi moja huku akipaka mkate siagi. "Ukibonyeza vibaya hulifuti."

"Na wewe ukichoka unalala wapi? Juu ya usukani?"

"Mimi sichoki."

"Najua. Daftari lako nimelisoma miaka tisa. Humo ndani hujawahi hata kupiga miayo."

Mdogo wangu akanijazia chai mpaka ikafurika kwenye kisahani. Ndiyo namna yake ya kuniambia ninyamaze.

Darasa lilikuwa nyuma ya duka la matairi, chumba kinachonuka mpira wa moto. Viti vya plastiki kumi na viwili, kimoja kimevunjika mguu, na ukutani picha za alama za barabarani zilizopigwa jua hadi nyekundu ikawa waridi. Injinia alivaa miwani, akafungua kitabu cha kanuni, akaanza kutusomea tuandike. "Dereva anapaswa kupumzika, koma, kila baada ya muda uliowekwa, koma." Hata nukta alizitaja kwa sauti. Nilimuuliza kwa nini tela tupu linateleza kwenye lami yenye maji kuliko lililojaa.

"Hilo haliji kwenye mtihani," akasema.

Nikamuuliza mzigo ukifungwa upande mmoja, breki za upande wa pili zinafanya nini.

"Hilo nalo haliji."

Kila asilolijua lilikuwa haliji kwenye mtihani. Kurasa nyingine alizipindua mbilimbili, kama mtu anayeruka dimbwi. Mimi nilinunua kitabu changu, na jioni nikawa nasoma zile alizoziruka. Humo ndimo nilimokuta namna ya kupima breki za upepo. Unalijaza tanki upepo, unazima injini, unakanyaga breki na kuishikilia dakika nzima huku macho yakiwa kwenye mshale wa kipimo cha upepo. Mshale ukituama, sawa. Ukiendelea kushuka, upepo unavuja mahali, na gari halitoki.

Injinia alitufundisha ukaguzi kwa njia yake. Alitupanga mstari tukalizunguka lori la shule, kichwa cheupe na tela refu alilolibatiza Malkia, tukiimba nyuma yake kama watoto wa chekechea. Tairi? Iko sawa! Taa? Iko sawa! Mpira wa upepo? Uko sawa! Hakuna aliyegusa kitu. Nilipopiga magoti nichungulie chini ya tela, akapiga makofi.

"Mama wa Mizani! Utajichafua bure! Mkaguzi anasikiliza mdomo, haangalii magoti."

Wenzangu wakacheka. Aliyecheka zaidi alikuwa jamaa tuliyemwita Suti, mshereheshaji wa harusi, aliyekuja kujifunza lori na koti lake na viatu vinavyong'aa. Alikuwa na sauti nene na neno tamu kwa kila mtu, na alipopanda kwenye kiti cha dereva alitandika kwanza kitambaa ili asichafue suruali. Nilimdharau kwa moyo mweupe kabisa.

Halafu tukafika kwenye rivasi.

Hapo ndipo nilipoumbuka. Unatakiwa urudishe tela kati ya mistari miwili ya koni, uliingize kwenye nafasi yake bila kuangusha hata moja. Nikikata kulia, tela linakwenda kushoto. Nikirekebisha, linajikunja kama kisu cha mfukoni. Kwa wiki mbili sikubakiza koni. Injinia alisimama pembeni akipiga kelele, "Kata! Kata! Si huko!" Huko kwingine ni wapi, hakusema, na nina hakika hakujua. Hatukuwahi kumwona akilirudisha tela hilo hata hatua moja.

Suti alipanda akalirudisha mara moja, taratibu, kama mtu anayevuta droo. Akashuka, akapangusa mikono.

Nilimeza mate, kisha nikameza na mengine. Baada ya darasa nikamfuata.

"Umefanyaje?"

"Dada, wewe unaangalia kichwa," akasema. "Kichwa kitakwenda tu, kina macho yako. Angalia mkia kwenye kioo. Na usukani ushike kwa chini. Mkono wako unakokwenda, ndiko mkia unakokwenda. Ukiona umeanza kukosea, simama, sogea mbele, anza upya. Haraka ya nini?"

"Umejifunza wapi?"

"Kabla ya harusi nilikuwa navuta tangi la maji kwa trekta, kwenye ujenzi wa barabara. Miaka mitano. Ukikosea kule unaingia mtaroni na maji yote."

Siku tatu nilishika usukani kwa chini. Siku ya nne tela likaingia, na koni zote zimesimama. Nilimshukuru, ingawa neno lenyewe lilinitoka kwa shida, kama jino.

Siku ya mtihani tulikuwa watano. Mkaguzi alikuja na suruali iliyopigwa pasi ikakata, fomu zake kwenye ubao mdogo, na uso wa mtu anayefikiria chakula cha mchana. Mtihani ulikuwa na sehemu tatu: kukagua gari, kuendesha mpaka kituo cha mafuta na kurudi, kisha rivasi. Watatu walitangulia. Kila mmoja alilizunguka lori akiimba iko sawa, mkaguzi akatia alama bila kuinua kichwa, wakapanda, wakaenda, wakarudi. Wa tatu alikuwa Suti. Alishuka akitabasamu na karatasi mkononi.

Zamu yangu ikafika. Nilianza na matairi, nikayagonga. Nikapima nati kwa mkono. Nikapanda, nikajaza upepo, nikazima injini, nikakanyaga breki na kuanza kuhesabu. Nilipofika kumi, mshale ulikuwa umeanza kushuka. Nilipofika thelathini ulikuwa unateremka kama mtu anayetafuta kiti. Nikasikia mlio nyuma, mwembamba, kama wa mtu anayefyonya.

Nikashuka, nikalala chali chini ya tela. Kwenye ekseli ya mwisho, upande wa kushoto, mpira wa kupeleka upepo kwenye breki ulikuwa umepasuka, na pale ulipopasuka mtu ameufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Fundo lilikuwa zuri sana. Aliyelifunga alitulia.

Nikatoka, mgongo wote vumbi. "Gari hili siliendeshi," nikasema.

Injinia akacheka kwa sauti ili mkaguzi naye acheke. "Mama wa Mizani, leo hatupimi uzito."

"Mpira wa breki umepasuka. Umefungwa kwa tyubu."

"Hicho ni kitu kidogo. Gari limekwenda na kurudi mara tatu asubuhi hii, wewe mwenyewe umeliona."

Mkaguzi akatazama saa. "Mama, unataka kufanya mtihani au hutaki?"

"Nataka. Ila kwa gari lenye breki."

Mwenzetu wa tano, aliyekuwa akingoja zamu yake, akaniomba niache vituko watu wamalize warudi makwao. Nikamgeukia Suti, kwa sababu yeye walau macho anayo.

"Ule mpira uliuona?"

"Niliuona," akasema, wala hakuona haya. "Tangu wiki iliyopita. Lakini dada, mimi nimeshafaulu."

Alisema hivyo kwa ile sauti yake ya kukaribisha wageni. Injinia nilikuwa nimezoea kumdharau, kwa kuwa ni mjinga na ujinga ndio mtaji wake. Huyu alijua. Alijua mpaka fundo lilipo, akapanda, akateremka na gari hilo kwenye mteremko wa kituo cha mafuta ambako kila saa watu wanavuka, kisha akashuka akitabasamu. Nilitamani kumrudishia somo lake la rivasi, nisibaki na kitu chake mwilini mwangu.

Lile neno la Suti ndilo lililomwamsha mkaguzi. Aliweka fomu juu ya bampa, akakunja suruali yake, akachuchumaa. Alikaa kule chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuona tyubu ya baiskeli. Alipoinuka, jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Nadhani alikuwa anahesabu: mara tatu ameketi ndani ya lori hilo, mara tatu kwenye mteremko ule.

"Nani aliniambia mpira uko sawa?" akauliza.

Watatu wale wakatazama chini.

"Leteni karatasi."

"Mheshimiwa..." Injinia akaanza.

"Na wewe, gari hili lisitoke hapa. Likitoka, nitaandika barua na shule itafungwa."

Akazichana karatasi tatu, vipande akavitia mfukoni. Kisha akachukua fomu mpya, akaandika kwa utulivu, nami nikasoma kupitia begani kwake: *Hitilafu ya breki imegunduliwa na mkaguzi.* Alipoona ninasoma, akaziba kwa kiganja. Nikamwachia. Kwa jambo dogo kama lile, aibu yake ilikuwa inatosha kuwa malipo.

Mtihani ukaahirishwa wiki tatu. Wenzangu hawakunisalimia tena. Suti peke yake alinisalimia, tena kwa uchangamfu, na hilo liliniudhi zaidi. Nyumbani shemeji alisikia habari nzima, akatikisa kichwa.

"Tyubu ya baiskeli inashika vizuri tu," akasema. "Mimi niliwahi kwenda nayo siku mbili."

Mdogo wangu, aliyekuwa anakunja nguo za watoto, akaliweka chini shati alilolishika.

"Umekwenda na nini siku mbili?"

Shemeji akatafuta pa kutazama. Mimi safari hii nilinyamaza bila kujaziwa chai.

Mtihani wa pili tuliufanya kwa lori la kukodi. Nilikagua, nikaendesha, nikarudisha tela nikagusa koni moja tu, haikuanguka. Nikafaulu. Suti naye alifaulu, na safari hii alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ile mbele ya mkaguzi, akachungulia kila ekseli kwa madaha kama anayetambulisha maharusi.

Nikapata kazi kampuni moja ya kusafirisha saruji. Mwezi wa nne kazini napita mbele ya shule ile, naona bango jipya getini. Picha yangu, sijui aliipiga lini. Nimesimama kando ya Malkia, nimekunja uso, na chini yake maandishi mekundu: *USALAMA KWANZA. HAPA NDIPO ANAPOTOKA DEREVA MAKINI.* Nikaegesha pembeni, nikawasha taa za tahadhari, nikaingia ndani.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Dada yangu!" Injinia akafungua mikono. "Tangu niweke bango hilo wanafunzi wameongezeka maradufu. Nilitaka hata kukutafuta. Njoo unifundishie ukaguzi Jumamosi. Mimi, nikwambie ukweli, magoti yananisumbua."

Nilimtazama mtu yule. Hakuwa hata na haya ya kujifanya amebadilika. Nilitaka nimwambie aling'oe bango, nimwache na viti vyake na koma zake. Lakini kupitia dirishani niliwaona wanafunzi wapya uani, watu kumi na wawili, wameshika mstari nyuma ya Malkia, na aliye mbele anaimba.

"Mipira yote ya upepo ibadilishwe kwanza," nikasema. "Nitaikagua mwenyewe. Na kitabu hicho usikisome tena mbele yao."

"Nimekubali."

"Sijamaliza. Jumamosi nikiwa hapa, wewe usitie mguu uani."

"Hilo nalo nimekubali," akasema haraka, kama mtu aliyeondolewa mzigo.

Jumamosi ile nilitandika maboksi chini ya tela, nikawaambia walale chali mmoja baada ya mwingine, waguse kila mpira kwa vidole kabla ya kutamka neno. Mzee mmoja mwenye shati jeupe akalalamika kwamba mke wake atamuuliza amekuwa wapi.

"Mwambie ulikuwa chini ya gari," nikamwambia. "Lala."

Akalala.